Kofia ya Baba Imani

Langley Park, Maryland
Jumatano

Dada yangu mpendwa Rebeka,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na naomba barua hii ikukute umeketi, mguu umeuinua kama daktari alivyokwambia, siyo umeinama shambani. Goti linasemaje? Na mvua, imewafikia huko Kitale au bado mnaiona tu ikinyesha kwa wengine? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Barabara yetu ingali imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, basi linazunguka mtaa mzima ndipo linifikishe kazini, lakini hilo nimezoea. Kuna lingine sijalizoea, nalo linanifanya niinuke kila baada ya mistari miwili, niende dirishani, nirudi. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nilikuwa ndio kwanza nimerudi kitini.

Dada, ni ile video. Ile ya mchezo wa kanisani siku ya mavuno, ambayo Baba Imani aliwatumia. Uliniandikia kwamba mmeitazama tena na tena, mkacheka mpaka Nanjala akamwaga uji, na kwamba hata mumewe, mkwe wako Ekai, alicheka. Niliposoma hayo moyo wangu ulishtuka. Jumamosi hii mchezo huohuo unapelekwa Woodbridge, kwenye mkutano wa makanisa yote ya huku yanayoabudu kwa Kiswahili. Mimi sitaki uende jinsi ulivyo, na sijui kama nitaweza kuuzuia. Wacha nikueleze tangu mwanzo. Wewe ndiwe uliyenilea, na hapa sina mtu wa kumwambia bila kuonekana nawachongea watu wa nyumba yangu.

Unamjua Baba Imani na filamu za kauboi. Ni tangu zile siku gari la sinema lilipokuwa likija sokoni na kutundika kitambaa cheupe. Hapa amezipata zote kwenye televisheni, na anazopenda zaidi ni zile za kuchekesha. Kuna siku alikuwa akitazama moja na Imani, wamejinyoosha kwenye kochi na bakuli la bisi katikati. Katika filamu hiyo wazungu wa mji ni wajinga na wabaguzi, na aliyeitengeneza anataka tuwacheke hao. Mimi nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki. Nikasikia Baba Imani anacheka peke yake. Kwenye filamu akatokea mzee mmoja wa wale watu ambao sisi shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu, manyoya kichwani, anazungumza maneno mawili mawili kama mtoto anayejifunza. Baba Imani akapiga paja.

Imani akamuuliza, kwa kile Kiingereza chake cha haraka, "Baba, hapo unamcheka nani?"

"Nacheka ujinga wa hao wazungu."

"Lakini hawajasema kitu. Aliyesema ni yule mzee."

"Wewe mtoto, kichekesho hakipimwi kwa rula. Kula bisi."

Hakula. Alisema hao wenye filamu ni wajanja: wanadai wanawacheka wabaguzi, halafu wanamchukua mzee yuleyule ambaye wabaguzi walimbuni, wanamleta tena ili watu wacheke. Akaingia chumbani. Vijana wa kanisa walipoambiwa watoe mchezo wa siku ya mavuno, akaandika wake, mchezo wa kauboi wa kuchekesha, ila ameugeuza. Ndani yake chifu wa wenyeji amevaa shati la kawaida na anazungumza kwa ufasaha na adabu. Asiyesikia ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa ule mji. Chifu anasema, "Karibuni, maji yapo, kunyweni, lakini ardhi hii ina wenyewe." Sherifu anawageukia watu wake na kuwauliza, "Amenguruma nini huyu?" Basi hapo ndipo watu wacheke.

Mimi ndiye niliyemsaidia kuutia Kiswahili, yeye akisoma Kiingereza chake, mimi nikiandika. Tulicheka, dada, mpaka kalamu ikanianguka. Nilijua ni mzuri kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusema sentensi nzima mbele ya mtu hapa, tena kwa Kiingereza, naye akamuuliza aliye kando yangu kama huwa naongea.

Sasa ulipofika wakati wa kugawa nafasi, sherifu alifaa awe Mzee Barasa. Huyo ndiye mchekeshaji wa kanisa letu, akisimama tu kutoa matangazo watu wanaanza kutabasamu. Lakini Baba Imani alikuwa ameshanunua kofia. Kofia ya kauboi hasa, pana, rangi ya kahawia, na viatu virefu vyenye kisigino. Ni shemasi, hakuna aliyetaka kumkatalia. Akawa sherifu yeye, Barasa akapewa chifu.

Wakati wa mazoezi Barasa alisoma maneno kama yalivyoandikwa. Siku yenyewe akaja na begi, hakumwambia mtu. Alipotoka mbele ya kanisa alikuwa amejitanda blanketi jekundu, rungu mkononi, na kikofia chenye unyoya umesimama. Dada, unamjua huyo mtu. Ni yule mlinzi wa getini wa michezo yetu yote ya kanisani tangu tukiwa wasichana, yule Mturkana wa kuchekesha. Hata kabla hajafungua kinywa kanisa lilikuwa limeshaangua kicheko. Akafungua: "Wewe nakwenda wapi? Mimi nalinda hapa! Mimi napiga wewe!" Sentensi zote nzuri tulizoandika mimi na Imani alizivunjavunja moja moja. Na sherifu aliposema, "Amenguruma nini huyu?" watu wakapiga makofi, kwa sababu kweli alikuwa amenguruma. Baba Imani naye amesimama na kofia yake, kidevu juu, anang'aa kama bwana harusi. Baada ya ibada watu walipanga foleni kupiga picha naye.

Mimi niliona pazia linatikisika, Imani alikuwa nyuma yake. Nikadhani anacheka.

Katika safu ya tatu alikuwa ameketi mgeni wangu, Loretta. Nimewahi kukutajia, ndiye ninayefanya naye kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na basi likinipita yeye hunipakia kwenye gari lake akitoka kwake Bladensburg. Huwa tunaomba pamoja kabla ya kuingia zamu, yeye kwa namna ya kwao na mimi kwa yetu. Ni wa kabila la Piscataway, watu waliokuwa kwenye mito ya huku kabla ya mtu mwingine yeyote kufika, na bado wapo. Nilimwalika mwenyewe. Nilimwambia njoo uone mchezo wa binti yangu, anawasuta wale makauboi. Nilimtupia jicho wakati watu wanacheka, nikamwona naye anacheka, mkono mdomoni. Nikafurahi.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa tunatandika vitanda, nikamuuliza, "Ulifurahia kanisani kwetu?"

"Mna upendo," akasema. "Na ule wali, Mungu wangu!"

"Na mchezo?"

Akavuta shuka pembeni, akalikunja chini ya godoro, akalilainisha. Akasema, "Yule chifu namjua tangu utotoni. Shuleni kila mwaka walinipa mimi nimwigize. Walisema mimi sihitaji kupakwa rangi."

Nikaanza kujieleza mbio mbio. Nikamwambia yule siye chifu hasa, yule ni mlinzi wa kwetu, na kwamba mchezo wote ulikuwa unawacheka wazungu.

"Najua," akasema. "Uliniambia. Kwa hiyo niliketi nikangoja wachekwe." Tukahamia kitanda cha pili. Hapo ndipo akaniambia, bila hasira yoyote, "Nilidhani nyinyi kwenu hamna mtu kama yule."

Nilikamata ncha yangu ya shuka nikabaki nimeishika.

Tangu hapo situlii. Imani naye amekataa kukanyaga kanisani. Nilimwambia Barasa ndiye aliyeharibu, akanijibu siyo Barasa peke yake. "Mlimpa mjinga kofia nzuri, Mama. Mtu akipendeza vile, nani atamcheka?" Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema watu walibarikiwa, akasema Woodbridge wameshaisikia sifa yake, akasema tukitaka tunaweza kutoa ule unyoya. "Ni mlinzi tu, Mama Imani. Hakuna Mhindi Mwekundu pale." Nikamuuliza, na mlinzi je, siyo mtu? Akanitazama kama mtu aliyehama dini.

Barasa sikumtegemea, na yeye ndiye aliyekuwa mwepesi. Nilimkuta dukani anachagua ndizi za kupika. Aliponisikiliza alizirudisha ndizi zote chini. "Mimi dada ninachojua ni kuchekesha. Nilipopewa yule chifu nikatafuta kitu cha kuchekesha, na kilichokuwa karibu ni kile. Nipe sherifu, nitamfanya zuzu mpaka hata farasi wake amkane. Ila kofia iko kichwani kwa nani?"

Kwa mume wangu, ndiyo.

Nilimsubiri jana mpaka tumemaliza kula, ugali umemshibisha. Nikamwomba kwa upole, Baba Imani, mpe Barasa ile nafasi. Akaweka glasi chini.

"Unajua mimi nashinda wapi?" akaniuliza. "Uwanja wa ndege. Nasukuma watu kwenye viti vya magurudumu kutwa nzima. Wananiita 'wewe'. Wananipigia vidole. Siku moja tu nimevaa kofia, watu wameniita bwana mkubwa, wametaka picha na mimi. Na hiyo moja mnataka kuninyang'anya?"

Dada, yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Nimemwona akirudi jioni na ile fulana yao ya kazi, anakaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kuvua viatu. Nilitaka nimwambie basi, kaa na kofia yako, mume wangu. Karibu niseme.

Lakini akaendelea. "Na mimi nitakuwa nani sasa?"

"Utakuwa chifu."

"Chifu!" Akasukuma kiti nyuma. "Nivae lile blanketi mimi? Mbele ya watu wa Woodbridge? Watanicheka!"

Friji ilikuwa inanguruma, nikaisikia kama haijawahi kunguruma siku nyingine. Yeye mwenyewe alisikia alichosema, niliona kwa jinsi alivyoanza kuokota chembe za ugali mezani.

Imani alikuwa mlangoni. Unajua huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, hata ninyi kwenye simu anawafanyia hivyo. Jana alisema polepole, akitafuta kila neno, "Baba, blanketi mimi sikuandika. Mimi niliandika shati. Shati kama yako hiyo."

Baba Imani akajitazama kifuani, kama mtu aliyeambiwa ana doa. Akainuka, akaweka kofia juu ya friji, akaenda kulala.

Leo asubuhi alikuwa ananyoa ndevu, akaniangalia kwenye kioo. "Yule chifu," akasema, "maneno yake ni mengi?"

"Ni mengi."

"Na yote aliyaandika mtoto?"

"Yote."

Akaosha wembe, akavaa fulana ya kazi, akaondoka. Sijui. Kofia bado iko juu ya friji. Nimeomba, dada, lakini hata maombi yangu leo hayakai mahali pamoja, yanaanza kwa Imani yanaishia kwa Barasa. Loretta nimemwambia habari za Jumamosi. Alisema ataangalia zamu yake. Zamu yake naijua, Jumamosi hana kazi.

Sasa nisalimie watu wangu. Mama mkwe wako umwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipata, cha samawati kama alivyotaka. Kaka yetu fundi seremala umwambie apunguze vumbi la mbao kifuani, avae kitambaa puani. Shangazi wa Kimilili umshike mkono kwa niaba yangu. Mjukuu wako wa mwisho umbusu pale penye pengo la jino.

Ekai simtumii salamu kupitia kwako, yeye nitamwandikia peke yake, nikipata maneno. Maana hiki ndicho kinachoniinua kitini. Yeye ni Mturkana hasa, tena hulinda ghala la mahindi kila usiku, na blanketi analo, na rungu analo, na mlipoiwasha ile video alikuwa ameketi nyumbani kwa wakwe zake, mahali ambapo mkwe hawezi kukunja uso wala kuinuka aondoke. Uliniandikia kwamba hata yeye alicheka. Usimuulize, tafadhali, atakujibu kwa heshima na hutajua kitu. Kumbuka tu uso wake. Loretta pia alicheka.

Niandikie, dada. Ekai alicheka vipi?

Mimi mdogo wako ninayekuombea,
Salome