Msemaji wa Pili

Rayners Lane, London
Tarehe 9 Novemba 2003

Kwako yaya Célestine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana. Hujambo huko Barking? Mgongo wako unaendeleaje? Watoto, Miradie na Exaucé, ni wazima? Mimi huku nakula, nafanya kazi, nalala. Wiki hii nimeshika simu mara tatu nikairudisha mahali pake, ndiyo maana unapata barua kutoka kwa mtu anayeishi mji mmoja nawe.

Bibi ninayemtunza, Mama Balwinder, anakusalimu. Tangu mumewe afariki hataki nitoke hata kwenda dukani. Kiswahili chake cha Kisumu bado kinanichekesha, naye anasema cha Bukavu ndicho kilichoharibika.

Sasa habari za nyumba. Uliniomba nitafute karatasi inayoeleza kwa nini halmashauri ilizikataa zile nyumba kumi na nne za bei nafuu hapa mtaani kwetu, kwenye gereji ya zamani, ili umpelekee wakili. Najua ulivyozisubiri. Shirika la nyumba lilikuwa limeshakuandikia kwamba ile ya chini, yenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, ni yako, ili uache kumbeba Miradie mgongoni hadi ghorofa ya nne, naye sasa ana miaka kumi na miwili. Karatasi nimeipata, imo ndani ya bahasha hii.

Inaeleza mkutano wa Juni katika ukumbi wa kanisa. Majirani walilalamikia magari kukosa pa kuegesha, shule kujaa, thamani ya nyumba zao kushuka. Siku chache kabla walikuja kwa Mama Balwinder, nikawapa chai. Mmoja akasema ingefaa mtu kama mimi aseme neno, wasije wakaitwa wabaguzi. Mama Balwinder aliniangalia tu.

Ukurasa wa tatu utakuta msemaji wa pili, mwanamke Mwafrika, mkazi wa mtaa. Jina hawakuliandika. Yaya, ni mimi. Nilisimama nikasema, “Mimi natoka kwa watu hao mnaotaka kuletewa, nawajua. Mtaa huu hautawafaa, na wao hawataufaa.”

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua nyumba yako imo. Niliogopa ukija wataona mimi na wewe ni kitu kimoja. Na tena, miaka tisa katika nchi hii sijawahi kusimama watu wakanyamaza kunisikiliza. Waliponipigia makofi nilifurahi. Nikarudi, nikapika dengu, nikala, nikalala vizuri. Uliponipigia simu ukilia, nilikupa pole kama jirani tu. Hata sasa nasubiri machozi, hayaji.

Najua Exaucé ndiye anayekusomea karatasi za Kiingereza. Hii nimeiandika kwa Kiswahili uisome mwenyewe kwanza, kisha uamue kama mtoto aisome ile nyingine. Wakili akimtafuta msemaji wa pili, mpe jina langu na anwani hii. Kazi nikiipoteza, basi.

Sikuombi unijibu. Utunze mgongo, na baridi imeanza, msitoke bila koti. Nisalimie watoto, kama utaona bado inafaa kuwatajia jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Stéphanie