Tisa za Mama

Shuiwei, Yunlin
2 Mei 2011

Mpendwa mdogo wangu Yu-hsia,

Hamjambo huko Kobe? Mgongo wa shemeji umepoa? Sisi wazima, na leo nakuandikia huku nacheka peke yangu.

Mama ndiye mtunza chetezo wa hekalu mwaka huu! Kaya mia sita na arobaini tulirusha vibao viwili ili mtunza apatikane. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, mungu wetu Mama Mazu ameitika na unarusha tena; ukikosa, unatoka. Mama aliitikiwa mara tisa mfululizo, akawapita wote.

Mzee Kuo, mtunza chetezo wa mwaka jana, aliishia nane. Akapiga kelele: "Vibao vimechezewa! Tisa hutokea mara moja kati ya mia tano na kumi na mbili!" Kamati ikampa Mama hadi Jumapili ajitetee, la sivyo chetezo kirudi kwa Kuo. Kuitwa mwizi mbele ya mungu, kwa umri ule! Mama hakula siku mbili. Roho iliniuma, nikalia jikoni.

Jumapili nikaenda na daftari la darasa langu la hesabu la jioni, lile mnaloliita ujinga wa uzeeni. Nikamtaka Kuo mwenyewe arushe vibao vilevile mara mia. Vikaitika mara arobaini na nane, nusu kasoro mbili. Vibao vizima kabisa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hesabu yako ni ya mtu mmoja. Tulirusha wangapi?"

"Mia sita na arobaini."

"Basi chukua uwezekano wa mmoja kukosa tisa, uuzidishe wenyewe mara mia sita na arobaini, kisha utoe kwenye moja. Katika kila sherehe kumi kama yetu, kama saba hivi zitampata mtu wa tisa. Wote hao utawaita wezi?"

Mtu akadakia kutoka nyuma: "Na nane zako, Kuo, tuzikague?"

Hekalu zima likaangua kicheko! Kuo akakibeba chetezo mwenyewe hadi mlangoni kwetu, jasho likimtoka. Raha niliyoisikia siwezi kukueleza.

Lakini wageni walipoondoka, Mama akaniuliza polepole, "Kumbe ni bahati tu? Mama Mazu hakuniita?"

"Mama, hesabu inasema huenda mmoja wetu angefika tisa. Haisemi nani."

Akakifuta chetezo kwa upindo wa nguo yake. "Hilo la nani," akasema, "najua mimi."

Msalimie shemeji Hiroaki na mwanetu Misaki. Mama anawaombea mtoke salama na mrudi salama.

Dada yako akupendaye daima,
Bi-yun