Mahindi Yanayongoja Jalidi

Jumatatu, 7 Julai

Nimeshuka bondeni kama kila asubuhi. Umande mwingi, baridi ya kawaida. Mahindi ya utafiti wa mwanangu Upendo yana majani manne, mafupi, kijani kilichokolea. Mazuri mno. Hilo ndilo tatizo.

Mama Ngailo amepita na jembe begani, akasimama kwenye ukingo wa kinyungu changu, bustani yangu ya bondeni.

"Kamwene, Mwalimu. Bado unalea mahindi ya mwezi wa saba?"

Nikamwambia siyalei, nangoja jalidi iyaangukie, ule umande unaoganda kuwa barafu usiku. Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Yeye ni Mkinga wa Iwawa, kule Makete kwenye baridi kali zaidi, ameolewa hapa Mjimwema, na viazi vyake viko bonde hilihili, chini ya shamba langu. Hupenda kututania kwamba sisi Wabena baridi tunaijua ya kusimuliwa.

Hakuna mwenye akili timamu anayepanda mahindi Njombe mwezi wa sita. Najua. Nimefundisha kilimo chuoni hadi nikastaafu. Tumepanda makusudi ili baridi iyakute yakiwa machanga. Nilimweleza mara mbili. Naona nilieleza vibaya.

Alhamisi, 10 Julai

Mwanangu Upendo amefika jioni kutoka Makambako, amekumbatia mtungi wa naitrojeni, kimiminika baridi kuliko barafu, kama mtoto mchanga. Amegawiwa na bwana mifugo anayepandisha ng'ombe kwa sindano. Bwana huyo huhifadhi mbegu za madume ndani ya baridi hiyo. Alimwonya Upendo asichanganye mirija, ng'ombe wasije wakazaa ndama wenye magunzi. Tumecheka hadi chai ikapoa.

Niandike hapa kazi ya Upendo inavyokwenda, maana kichwa changu hutulia nikieleza.

Jeni ni agizo lililomo ndani ya kila seli ya mmea. Zamani sana jeni moja ilijinakili kwa bahati, nakala zikajinakili tena. Leo mahindi yana kundi zima la jeni zenye asili moja, kama ukoo uliotawanyika: huyu yuko Uwemba, yule Makambako, sura zinafanana, kazi mbalimbali. Moja huamka udongo ukikauka. Nyingine huamka kwa baridi. Nyingine kwa yote mawili. Nyingine hakuna aliyewahi kuiona ikiamka. Upendo anasoma ukoo mmoja tu wa namna hiyo, akitaka kujua nani huamka lini. Mwenye kuzalisha mbegu akilijua hilo, atachagua wazazi wa mbegu yake bila kubahatisha.

Jeni iliyoamka huacha alama ndani ya jani, ila alama hizo huharibika upesi jani likikatwa. Ndiyo maana ya mtungi: jani linagandishwa palepale.

Ukame ameshaupata. Kwa mdogo wangu Tumaini, Makambako, mahindi hayajamwagiliwa, upepo wa kule umeyakausha vizuri. Imebaki jalidi. Fedha za utafiti zinafungwa mwisho wa mwezi huu. Asipoipata, hana sura ya baridi katika tasnifu yake, na bila sura hiyo hana shahada.

Jumapili, 13 Julai

Jalidi imeanguka usiku wa kuamkia leo. Bonde zima jeupe.

Mahindi yetu yamefunikwa. Yote. Nyasi kavu, magunia, hata kanga moja kuukuu. Chini yake majani yamekaa kwa raha, hayana hata doa.

Ni Mama Ngailo. Jana jioni tulipokuwa kwenye ibada kwa mgonjwa aliiona mbingu imetakata, akajua jalidi inakuja. Akafunika ya kwetu kabla ya viazi vyake, ambavyo kwa bahati viliungua majani ya pembeni tu. Amenihurumia. Alipotuona tumesimama akaja anatabasamu, anangoja shukrani.

Upendo akamwambia, "Mama, nani alikutuma?"

Akageuka na kuondoka. Kanga yake aliiacha.

Nimeumia kwa ajili ya wote wawili. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuandika jambo moja jana. Upendo aliyakata majani hayo. Aliyagandisha, mirija ikajaa.

Leo nimemuuliza atayaitaje.

"Ya jalidi. Yalikuwa shambani usiku wa jalidi, Mama. Nani atauliza habari za magunia?"

Nikamjibu mara moja tu, nikakusudia nisirudie. Nilimwambia jani lililofunikwa huenda halikuisikia baridi. Jeni zake huenda zililala. Naye ataandika kwamba zinalala hata kwenye jalidi, mtu wa mbali ataamini, atazitupa anapochagua mbegu. Halafu siku moja mkulima wa Makete atapanda mbegu hiyo na kushangaa.

Akasema mimi nimeshapata shahada zangu. Kweli. Maneno hayo yamenikaa.

Hatukula pamoja.

Jumanne, 15 Julai

Upendo amekwenda Makambako na mtungi wake. Ameaga vizuri, kwa heshima, na hiyo imeniuma kuliko hasira.

Nimeifua ile kanga, nikaipeleka kwa Mama Ngailo. Hakunikaribisha kukaa. Nikakaa. Nikamweleza upya, polepole: kwamba tunataka kuona mmea unafanya nini ukiteswa, kama daktari anayetaka kumwona mgonjwa homa ikiwa juu.

"Kwa hiyo mlipanda ili yateseke."

Ndiyo.

"Wasomi mna roho ngumu."

Kisha akaleta viazi vya kuchemsha. Tumekula na chumvi. Nimemwomba radhi kwa niaba ya mwanangu. Akasema radhi ya mtu mzima huombwa na mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Kimya kutoka Makambako. Simu ninayo mfukoni mchana kutwa. Sipigi.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Namwogopea mwanangu asikose shahada, na namwogopea zaidi akiipata kwa majani yale. Nikipiga nitasema tena niliyokwisha kusema. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, najua mwanafunzi huacha kusikia ukirudia mara ya tatu.

Jumapili, 20 Julai

Amepiga baada ya ibada. Amemwambia msimamizi wake yote, na magunia pia. Majani yale yatahesabiwa kuwa ya mimea iliyofunikwa. Msimamizi hakufoka, alisema tu mwisho wa mwezi hausogei. Mahindi bado yako hai, kwa hiyo jalidi ikirudi kabla ya hapo watayapima. Isiporudi, basi.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo na bado ana safari. Nilitaka kumsifu. Nikamuuliza kama amekula.

Alhamisi, 24 Julai

Upendo amerudi. Jambo la kwanza, kabla ya kuvua koti, amekwenda kwa Mama Ngailo. Sijui walisemezana nini. Amerudi macho mekundu na nusu debe la viazi.

Mawingu. Usiku wenye mawingu hauleti jalidi. Wingu ni blanketi la ardhi. Kila jioni tunatoka nje kutazama juu. Mtungi unapungua wenyewe, naitrojeni hutoroka hata ukiufunika.

Jana niliomba jalidi ianguke. Nilipiga magoti kabisa. Kisha nikakumbuka viazi vya Mama Ngailo, ambavyo ndiyo kwanza vinatoa maua. Nikainuka. Sikuifuta ile sala. Wala sikuirudia.

Jumatatu, 28 Julai

Mchana upepo umekata. Jioni mbingu safi kama kioo. Mama Ngailo na watu wa kwake wamefunika walichoweza. Shamba lake ni kubwa kuliko nyasi zilizopo. Tulikwenda kumsaidia hadi giza likatuzuia. Hakuna aliyegusa mahindi yetu. Alipopita kando yake alitikisa kichwa, akayaambia, "Poleni."

Jumanne, 29 Julai

Imekuja.

Aliyetuamsha ni Mama Ngailo. Alibisha dirishani kungali giza. "Mwalimu, amkeni, imeshuka. Nyeupe!"

Majani ya mahindi yalikuwa magumu kama karatasi. Upendo alikata, mimi nikashika mirija, vidole havina hisia. Mvuke wa mtungi ukatupanda usoni. Mama Ngailo alitumulikia tochi. Tulimaliza jua lilipogusa mlima wa pili.

Ndipo tukatazama chini. Matuta ya viazi yasiyofunikwa yalikuwa yameanza kulegea, majani yanageuka meusi kadiri barafu inavyoyeyuka.

Mama Ngailo akazima tochi.

Jumatano, 30 Julai

Upendo ameondoka alfajiri na mtungi. Majani ya jalidi yamo. Huenda ukoo wake wa jeni utasema kitu, huenda usiseme. Hiyo ndiyo kazi.

Mimi nimeshuka na jembe. Viazi vya chini ya ardhi bado vizima, ila havitakua tena. Ni vidogo kama ndimu. Tumevichimba tuta kwa tuta, mimi na Mama Ngailo. Nilimwambia kwamba niliiomba ile jalidi. Akachimba mpaka mwisho wa tuta.

"Hata mimi," akasema. "Kwa ajili ya yule mtoto."

Tukaanza tuta lingine.