Rabi na Sahihi ya Jumamosi

Alhamisi, 13 Agosti 1964
Rabi Lowenthal kafika huku Kusini kutoka Cleveland. Bado kijana, kikofia cha Kiyahudi kichwani. Kesho atamsindikiza Baba mahakamani, Baba akajiandikishe kupiga kura, haki wanayotunyima sisi weusi. Nimempikia sukumawiki — akaisogeza sahani taratibu, masikio mekundu. Kumbe nimetia mguu wa nguruwe! Aibu gani hiyo! Baba kacheka mpaka basi: Luvenia, mgeni hata begi hajafungua, ushamtia dhambini! Rabi naye kacheka, kala mkate na pichi.

Anamwita Baba "Bwana Tolliver." Baba ana miaka sabini na moja, na huyu ndiye mzungu wa kwanza kumwita Bwana. Baba kajifanya hakusikia. Nimemwona akifuta macho.

Ijumaa, 14 Agosti
Wamekamatwa! Hata mlango wa mahakama hawakuufikia. Eti wamezuia njia — njia ipi? Wakili yuko Atlanta, hafiki mpaka kesho jioni. Naogopa. Mwezi uliopita jirani yetu Mzee Purvis aliachwa peke yake na polisi selo ile. Katoka mbavu tatu zimevunjika. Mbele ya Rabi hawatathubutu kumgusa Baba.

Jumamosi, 15 Agosti, asubuhi
Mkuu wa polisi anataka Rabi aondoke. Karatasi ya kumwachilia iko tayari, bado sahihi yake tu. Baba abaki peke yake!

Rabi kasema leo Sabato, haandiki. Mpaka aone nyota tatu usiku, ndipo Sabato inaisha.

Mkuu akauliza: Basi nikutilie sahihi mimi?

Hapana, mkuu. Sahihi ni yangu.

Mkuu kapiga meza, chai ikamwagika. Baba akapaza sauti kutoka selo ya weusi: Mwacheni mtumishi wa Mungu apumzike! Mimi ni Mbatisti, lakini leo nashukuru kwa Sabato ya Wayahudi. Nashukuru sana.

Jioni
Gari la wakili limeharibika njiani. Atachelewa saa nzima zaidi! Niko kwenye benchi la kituo, naandikia magotini. Jua limezama. Askari katoka nje, karudi anacheka: Haya mchungaji, nyota zimejaa tele! Mkuu kashika kalamu.

Rabi kasema: Dirisha langu linatazama ukuta. Mimi sijaona hata moja.

Mkuu akafoka: Mtoeni nje akaone!

Selo ya Rabi imefunguliwa. Namwona kakaa kitandani, anavaa viatu. Kamba ya kwanza kafunga. Kaitazama. Kaifungua, anaanza upya. Mungu akubariki, mwanangu — polepole, polepole, wakili yu njiani —