Kitabu cha Kabati la Kioo

Pasto, Jumanne mchana

Kaka yangu Arnulfo,

Wiki iliyopita uliandika katika gazeti lako kwamba "mkutubi ndiye mfanyakazi pekee wa chuo asiyeweza kumdhuru mtu." Umekosea, kaka, na ushahidi ninao mimi. Lakini kwanza salamu, maana mama alitulea na adabu hata tunapogombana. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima. Mlima Galeras umejifunika mawingu tangu Jumapili, na kahawa naichemsha mara nne kwa siku.

Unajua nilivyoingia kazi hii. Miaka ishirini nilifundisha shule na kukaripia wakubwa katika gazeti lako, kisha nikiwa na miaka arobaini na sita nikaenda kusomea ukutubi. Sasa nina mwaka wa pili kazini, kwa mkataba unaotazamwa upya kila Desemba, chini ya Bi Leonor, mkuu wa maktaba, ambaye nampita umri kwa miaka tisa. Napokea vitabu, navipanga rafuni, nawanyamazisha wapenzi wa ghorofa ya pili, na napiga muhuri hati ya kutodaiwa. Bila hati hiyo hakuna anayehitimu hapa, hata awe amefaulu kuliko wote.

Muhula huu nilitangaza vita. Nilichoka na wanafunzi wanaochora vitabu na wanaokaa navyo. Nikajaza kabati la kioo, pale karibu na dirisha langu, vitabu vilivyoharibiwa, kila kimoja kimefunuliwa ukurasa wake wa aibu. Juu yake nikabandika orodha ya wanaodaiwa, kwa herufi nene. Bi Leonor akaniuliza kama nimetafuta rafuni mara tatu kabla ya kuandika jina la mtu, kama utaratibu unavyotaka. Nikamjibu kwamba wezi hawaachi vitu rafuni. Akacheka, akasema, "Haya, Mama Jemadari."

Jina la saba lilikuwa la Yamile Jojoa, mwanafunzi wa uuguzi kutoka El Encano, ambako baba yake anafuga samaki. Alidaiwa kitabu cha magonjwa ya watoto. Alikuja dirishani kwangu mara nne. Mara ya kwanza alieleza kwa upole kwamba alikirudisha siku ile ya mvua ya mawe, akakiweka kwenye toroli ya vitabu vinavyorudishwa mbele ya macho yangu, nami nikamfokea kwa sababu ya viatu vyake vya matope. Nikamwambia viatu navikumbuka, kitabu sikikumbuki. Foleni nzima ikaangua kicheko. Baadaye nikamtaka akiri kwamba amekipoteza, alipe kingine, yaishe. Akasema, "Siwezi kukiri nisichofanya, mama." Nikaona ni kiburi.

Mara ya nne alikuja na mama yake, aliyebeba mfuko wa viazi na kuniita mwalimu. Mama huyo alinieleza kwamba binti yake ameahidiwa kazi katika zahanati ya kwao, na kwamba wanataka kuiona shahada kabla ya Ijumaa ya wiki hii, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nikamsukumia mfuko wake nikisema hapa muhuri haununuliwi kwa viazi. Safari hiyo foleni haikucheka. Mahafali yakapita, Yamile hakuvaa joho.

Jana asubuhi nilifungua lile kabati nilisafishe. Kitabu cha katikati, nilichokuwa nimekifunua ukurasa wenye mistari ya wino mwekundu, nikakifunga ili nikipanguse vumbi, nikaona jalada. Magonjwa ya watoto, na namba ni ile ile. Mimi ndiye niliyekitoa kwenye toroli siku ya mvua ya mawe, kabla ya kukiandika kwenye kompyuta, kwa hasira za ile mistari. Na wino wenyewe umefifia, ni wa mtu aliyesoma hapa Yamile akiwa bado shule ya msingi. Alisimama mara nne hatua mbili kutoka kwenye kitabu chake, huku namwita mwizi.

Subiri, hilo si baya kuliko yote. Sikumwambia mtu. Nilikiandika kwamba kimerudishwa jana, nikapiga muhuri hati yake, nikafuta jina lake kwenye orodha. Kwa kumbukumbu za chuo, Yamile alikificha mpaka jana. Bi Leonor alipopita akanipiga bega: "Umeona? Ukiwabana wanatapika." Nikatabasamu. Nilitabasamu, Arnulfo.

Leo asubuhi Yamile alikwenda kwa mkuu wa kitivo, Daktari Chamorro, kuomba apewe shahada ofisini bila sherehe, kama wanavyopewa wagonjwa na wafiwa. Akaoneshwa tarehe yangu. Aliyechelewesha kitabu, akaambiwa, angoje mahafali ya Desemba. Akaja kuniuliza nani alikirudisha jana. Nikamweleza yote. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Basi nenda ukawaambie wao."

Nimekwenda. Karani akasema Daktari hapokei wakutubi bila miadi, nirudi wiki ijayo. Bi Leonor nimemwachia maungamo yangu mezani, na mkataba wangu nauona mwisho wake. Gazeti lako hutoka Alhamisi. Ichape barua hii yote, usipunguze hata jina langu, na usinihurumie kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Nisalimie wifi na watoto, mwambie shangazi wa Ipiales nimepata shali yake. Mungu akulinde na baridi.

Nanyi watu wa kitivo cha uuguzi, mkiongozwa na Daktari Chamorro: Yamile Jojoa hadaiwi, wala hakuwahi kudaiwa. Atakuwa mlangoni kwenu Alhamisi saa mbili asubuhi. Tieni sahihi.

Dada yako,
Ofir Burbano