Namba ya Mtaalamu Nimeisoma Mlangoni

Jumatano. Asubuhi kulinyesha hapa Sironga, sasa kuna jua na nepi za mwanangu Moraa zinakauka kwenye ua.

Leo nimeongea mbele ya wabunge. Mimi niliyeishia darasa la nane.

Kuna mtu alisajili laini ya simu kwa kitambulisho changu, akaitumia kulaghai watu. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kebirigo, aliyelaghaiwa na hiyo laini, alikuja hadi kwangu akaniita mwizi huku namnyonyesha mtoto. Jina kwenye laini ni langu kweli. Kwa hivyo niliposikia kanisani kwamba kamati ya wabunge inakuja Nyamira mjini kusikiliza mambo ya wizi wa majina, nilimfunga Moraa mgongoni nikaenda.

Kosa langu nalijua. Kwetu ukiambiwa lete kopi ya kitambulisho, unaleta. Ya chama chetu cha akiba, ya mbolea, huulizi inaenda wapi. Siku moja nilinunua njugu sokoni zimefungwa kwa kopi ya kitambulisho cha mtu, uso wake umejaa chumvi.

Nilicheka, shajara. Nakiri.

Mlangoni soja anayelinda alinipa kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Kiko wazi, kila mtu anasoma ya mwenzake. Nikakataa. Akaniambia hata wakubwa wameandika. Nikaandika jina peke yake, Moraa akaanza kulia, soja akachoka na sisi akatupisha.

Ndani, mtaalamu kutoka Nairobi, waliyemwita Daktari, aliongea sana kuhusu faragha. Mengine sikuyaelewa. Zamu yangu ilipofika, karatasi niliyoandaa niliiacha kwa kiti.

"Daktari, umetufundisha vizuri," nikamwambia. "Lakini namba yako ya kitambulisho nimeisoma pale mlangoni. Nikutajie?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikasema yangu ilichukuliwa hivyo hivyo, na ninataka mambo mawili: ile laini ifungwe, na nipewe barua ya kunisafisha nimpelekee yule mama. Mbunge mmoja akaniuliza kama nina ushahidi kwamba si mimi.

"Mheshimiwa, na wewe unao kwamba ni mimi?"

Mwenyekiti akaagiza kitabu kiletwe, akakifunga, akakiwekea kiwiko juu. Akaandika kitu. Hakuniahidi chochote.

Jumapili chama kinataka kopi tena. Nitapeleka, lakini nitaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: YA CHAMA PEKEE. Wakinuna, wanune.

Moraa amelala. Jina lake halijaingia kwenye kitabu cha mlango wowote, na mimi ndiye nitakayelilinda.

Barua naingoja, na naamini itakuja. Isipokuja, nitaenda Kebirigo mikono mitupu, nibishe kwa yule mama, nimtajie jina langu kwa mdomo wangu mwenyewe.