Mistari Arobaini na Mmoja

Leuven, 18 Februari 2024

Papa mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Noeli. Je, mgongo umepoa? Mama Angèle wa jirani bado anakuletea sombe, yale majani ya muhogo?

Kazi yangu ni ileile: kuongeza mlinzi, yaani programu ndogo ya kukamata makosa, ndani ya kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Programu ikirudisha sehemu ya kumbukumbu iliyoazima, mlinzi huitia alama. Ikiigusa tena, huisimamisha mashine na kuandika kwenye skrini nani amegusa, na wapi. Wakubwa wanasema mlinzi anapunguza mwendo, wala hajakamata kosa lolote la kweli. Wataamua mwisho wa Mei. Wakimkataa, mkataba wangu unakwisha, nami nitarudi Likasi.

Kompyuta yangu ya zamani, niliyokuachia, huzimika bila sababu. Nilimweka mlinzi humo. Ikisimama, nakili kila herufi iliyo kwenye skrini, kwa kuwa simu yako haipigi picha.

Binti yako,
Bénie

Likasi, 9 Mei 2024

Mwanangu Bénie,

Nakusalimu. Mgongo haujambo. Sombe huletwa Jumapili, nami huila peke yangu.

Ulipiga simu mara tatu ukiuliza kama mashine imesimama. Nilijibu hapana. Nilisema uongo. Ilisimama tarehe 12 Machi, umeme uliporudi. Nilinakili mistari arobaini na mmoja. Mama Angèle alichungulia dirishani: "Papa Zéphirin, mashini imekufa, na weye uko unaandika matanga yake?" Nilicheka. Kisha niliikunja karatasi nikaitia kabatini, kwa sababu bila karatasi hiyo utarudi. Nyumba ina viti sita, nami nakalia kimoja. Chumba chako nimekwisha kukipaka rangi.

Nilifundisha shuleni Mulungwishi miaka thelathini na minne, nikiwaadhibu waliofuta makosa yao kabla sijayaona; sasa nimefanya kama wao. Arsène, mwana wa Mama Angèle, anasafiri kesho kuja huko, atakuletea karatasi. Katika mstari wa kumi na saba kuna herufi nisiyoisoma vizuri. Sikuibahatisha.

Baba yako,
Zéphirin

Leuven, 16 Mei 2024

Papa,

Salamu. Arsène alifika salama. Nilikuwa na hasira siku mbili, ndiyo maana sikupiga simu.

Karatasi yako imetosha. Mistari minne ya mwanzo ilinipeleka hadi kwenye kosa, nalo ni la kweli, tena limo katika mashine nyingi. Wakubwa waliisoma. Hawaulizi tena kama mlinzi anafaa. Wananiuliza kama nitabaki miaka mitatu kumtunza.

Nilidhani nitajibu papo hapo. Nimeomba wiki moja; naviwaza viti vyako sita.

Nikiisha kuamua nitakuandikia wewe, kabla sijawaambia wao.

Binti yako,
Bénie